GPA 3.2 mwisho wa mwaka wa pili: apa sekondi bado inawezekana au ndiyo basi tena?

#1 Mtoto wa Kilosa
Wakuu salaam. Nasoma shahada ya miaka mitatu, rasilimali watu, chuo cha serikali hapa bara. Matokeo ya semesta ya nne yametoka juzi, GPA ya jumla (wastani wa pointi, kati ya 5) inasoma 3.2. Mwaka wa kwanza nilitoka na 3.0, mwaka wa pili peke yake 3.4. Nataka nimalize na 3.5 nipate daraja la pili la juu, yaani apa sekondi.

Rumeti wangu anasema nisahau, eti ukishaanza na GPA ya chini hainyanyuki, mwaka wa tatu unasogeza nukta moja tu. Mwingine anasema mwaka wa kwanza haumo kabisa kwenye hesabu. Nani mkweli? Na mliowahi kuinyanyua, mlifanya nini hasa? Naomba msiniambie "soma kwa bidii", mimi nalala saa nane usiku kila siku na GPA ndiyo hiyo.

#2 Kiroboto Msomi
Mwaka wa kwanza hauhesabiwi mdogo wangu, ule ni wa kuzoea chuo. Binamu yangu alinihakikishia. Chukua ya mwaka wa pili na wa tatu tu, mbona uko karibu.

#3 Fundi Hesabu
Mkuu #2, binamu yako kasoma wapi? Kama ni Uingereza ni kweli, vyuo vingi vya kule mwaka wa kwanza unatakiwa kufaulu tu, hauingii kwenye daraja la mwisho. Hapa Tanzania unaingia wote, kuanzia testi ya kwanza uliyofanya ukiwa bado unapotea njia ya kwenda ukumbini.

Kilosa, hesabu iko hivi. Kila gredi ina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni 0. Chukua pointi za somo zidisha kwa krediti za somo hilo, jumlisha masomo yote, gawa kwa jumla ya krediti. Mwisho wa safari, 4.4 mpaka 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 mpaka 4.3 pili la juu, 2.7 mpaka 3.4 pili la chini, 2.0 mpaka 2.6 pasi.

#4 Ngosha wa Igoma
Mbona mnamzungusha kijana. Jumlisha GPA za miaka mitatu gawa kwa tatu. 3.0 na 3.4 ni 6.4. Anataka 10.5. Anahitaji 4.1 mwaka wa tatu. Ngumu ila watu wanapata.

#5 Fundi Hesabu
Ngosha, hiyo inafanya kazi kama kila mwaka una krediti sawa. Kuna programu mwaka wa kwanza una krediti 132 na wa mwisho 114 kwa sababu ya masomo ya lazima ya chuo kizima. Hapo ukigawa kwa tatu unajidanganya.

Kingine, 3.0 unayoiona kwenye mfumo siyo 3.0 kamili. Wanakata baada ya tarakimu moja. Inaweza kuwa 3.00, inaweza kuwa 3.09. Na 3.4 inaweza kuwa 3.49. Zikiwa juu zote mbili anahitaji 3.92 tu, siyo 4.1. Tofauti hiyo ni karibu masomo mawili kutoka B kwenda B+. Ndiyo maana sijampa jibu bado. Kilosa, achana na GPA za kwenye skrini. Leta jumla ya pointi na jumla ya krediti.

#6 Mama Pendo
Fundi umeteleza hapo kwenye kukata. Hesabu ya darasa la tano, 3.45 ni 3.5. Wanakadiria.

#7 Mwalimu wa Jioni
Mama Pendo shikamoo, lakini Fundi yuko sahihi. Nafundisha chuo, nakaa kwenye vikao vya matokeo. Hatukadirii kwenda juu, tunakata. 3.49 inaandikwa 3.4 na mtu anatoka na pili la chini. Kila mwaka kuna sura mbili tatu zinakuja ofisini kuuliza hilo swali, na jibu ni lilelile.

#8 Rehema wa Tabata
Mwalimu umenigusa pabaya. Sura mojawapo ni mimi, japo siyo chuo chako.

Nilimaliza na pointi 1,258 kwa krediti 360. Pigeni kikokotoo: 3.494. Transkripti imeandikwa 3.4, pili la chini. Zilikosekana pointi 2 kufika 1,260.

Sasa sikilizeni. Mwaka wa pili nilikuwa na somo la krediti 8, nilipata 59. Ile 59 ni B, pointi 3. Ingekuwa 60 ni B+, pointi 4. Alama moja tu, mara krediti 8, ni pointi 8. Ningefika 1,266, ambayo ni 3.51. Na kwenye somo hilohilo asaimenti yangu moja ya alama 5 haikuingizwa. Niliona kwenye karatasi ya alama iliyobandikwa ubaoni, mstari wangu ulikuwa na kistari pale. Nikasema si nimefaulu, B siyo mbaya, wacha nisisumbuane na watu. Nilipokuja kushtuka mwaka wa tatu, muda wa kukata rufaa ulishapita zamani.

Mdogo wangu Kilosa, kabla hujafikiria mwaka wa tatu, kamata kila karatasi ya alama inayobandikwa. Piga picha. Ukiona kistari, nenda siku hiyohiyo.

#9 Ngosha wa Igoma
Duh. Pole sana dada. Nimekaa kimya dakika nzima.

#10 Omosh wa Eldy
Huku Kenya vyuo vingi tunatumia wastani wa alama zenyewe. 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni pili la juu, 50 hadi 59 pili la chini, 40 hadi 49 pasi. Kwa hivyo ile 59 yake ingehesabiwa kama 59, ingepoteza alama moja tu kwenye somo hilo, si pointi 8. Naona mfumo wenu unaadhibu mtu aliyekwama chini ya mstari.

#11 Fundi Hesabu
Na unampa zawadi aliyekwama juu ya mstari, Omosh. Kwetu 70 na 96 ni kitu kimoja, zote A, zote 5. Huo ndio ufunguo wa uzi huu kwa maoni yangu. Watu wanakesha kwenye somo wanalolipenda watoke na 85 wakati 71 ingetosha, halafu wanaacha somo lingine linakaa 58. Zile saa zihamishie kwenye 58. Angalia masomo yako yaliyopita, hesabu ni mangapi yalikuwa 57, 58, 59, 67, 68, 69. Hapo ndipo GPA yako imezikwa.

#12 Kiroboto Msomi
Nakubali nilikosea kuhusu mwaka wa kwanza, binamu kweli yuko Leicester, Uingereza. Lakini hili la Fundi la kulenga 71 ni hatari. Anayelenga 71 anapata 64. Lenga 85 upate 72.

#13 Binti Mwanjelwa
Mimi nilitoka 2.9 mwaka wa kwanza, nikamaliza 3.6. Siri yangu ilikuwa testi. Kwetu testi na asaimenti ni 40, UE (mtihani wa mwisho wa semesta) ni 60. Mwaka wa kwanza nilikuwa naingia UE na 17 au 18 kati ya 40, nikitegemea kukesha. Ukiwa na 18, ili ufike 60 unahitaji 42 kati ya 60, na huo mtihani ndio mgumu. Ukiingia na 28, unahitaji 32 tu. Niliacha kukesha wiki ya UE, nikaanza kukesha wiki ya testi ya kwanza, wakati wenzangu bado wanasubiri bumu (mkopo wa kujikimu) liingie.

#14 Chilo wa Geto
Binti hayo ni mazuri kwa anayelala hosteli ya ndani. Mimi nilipanga mbali, daladala mbili. Kipindi cha saa moja asubuhi nilikuwa nakikuta nusu. Semesta moja bumu lilichelewa, nilikula mlo mmoja wiki mbili, na wiki hizo ndizo zilikuwa na testi tatu. GPA ya semesta ile 2.4. Iliyofuata nikapata kitanda ndani ya chuo kwa kubebana na jamaa (tunalala wawili kitanda kimoja), GPA 3.7. Akili ni ileile, vitabu ni vilevile. Kwa hiyo tusiongee mbinu tu, tuulize pia mtu analala wapi na amekula nini.

#15 Mwalimu wa Jioni
Chilo hilo ni kweli tupu na vikao vyetu hatuliongelei vya kutosha.

Niongeze langu kutoka upande wa kusahihisha. Swali linasema "jadili". Mwanafunzi anaandika hoja saba, kila hoja mstari mmoja, hakuna mfano, hakuna upande wa pili. Nampa 9 kati ya 20. Mwenzake ameandika hoja nne, kila moja ameieleza, ametoa mfano wa kiwanda au halmashauri anayoijua, kisha amesema kwa nini hoja hiyo ina mipaka. Huyo anapata 14. Wa kwanza ananifuata ananiambia "mwalimu nilikuwa na pointi nyingi kuliko yeye". Alikuwa nazo, na zote zilikuwa zinatoka kwenye desa (notisi za kurithishana) lilelile ambalo nimeliona kwenye karatasi hamsini kabla yake.

Kilosa, unayelala saa nane: unasoma au unakariri desa?

#16 Sauti ya Kusini
Mwalimu, ongea na lugha basi. Nusu ya hao wanaoandika mstari mmoja mmoja wanajua hoja, ila Kiingereza kinaisha njiani. Mtu kasoma msingi kwa Kiswahili miaka saba, kakutana na Kiingereza sekondari, chuo anatakiwa "kujadili" kwa lugha anayoitumia darasani tu. Kwenye grupu la majadiliano anafafanua kwa Kiswahili mpaka unamshangaa. Kwenye karatasi anapata C.

#17 Binti Mwanjelwa
Sauti, hoja yako nzuri ila haimalizi. Rafiki yangu alisoma Kiswahili chuo, mihadhara kwa Kiswahili, mtihani kwa Kiswahili, na darasa lao C zilijaa vilevile. Alisema wengi waliingia wakidhani lugha ya nyumbani haisomwi.

#18 Sauti ya Kusini
Sijasema inamaliza. Nimesema ipo.

#19 Mkandarasi Mdogo
Mnamchosha dogo. GPA ya nini? Mimi nina pasi ya 2.4 na nina kazi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kada nyingi wanataka shahada, ukiitwa unakaa mtihani wa kuandika, ukipenya unaingia mahojiano. Mwenye 4.5 na mwenye 2.4 wanapewa karatasi moja.

#20 Mwalimu wa Jioni
Kwa kada nyingi ni hivyo. Lakini kama anataka kufundisha chuo kikuu, matangazo ya mkufunzi msaidizi yanataka 3.8 ya shahada ya kwanza, na masta 4.0 ukitaka kupanda kuwa mhadhiri msaidizi. Masta yenyewe vyuo vingi vinaanzia 2.7. Na ufadhili wa nje nao una masharti, kama Chevening (wa serikali ya Uingereza) kwa kawaida wanataka kiwango cha daraja la pili la juu. Wewe Mkandarasi mlango uliopitia uko wazi kwa wote, ila kuna milango mingine 2.4 haiigusi.

#21 Mkandarasi Mdogo
Sawa mwalimu, hapo kwenye masta nimekuelewa, maana niliomba nikakataliwa.

#22 Baharia wa Minnesota
Kwa wanaofikiria Marekani: msizidishe GPA yenu kwa 4 mkagawa kwa 5 mkaandika kwenye fomu. Huku mizani ni ya 4.0, na kampuni za tathmini zinaangalia somo kwa somo, kwa mizani ya nchi uliyosoma. A yangu ya 72 ilihesabiwa A, hawakuisoma kama 72 ya Marekani, ambayo ingekuwa C. Kwa hesabu ile ya kuzidisha ningejishusha mwenyewe bila sababu.

Halafu huku vyuo vingi wanakuruhusu kurudia somo ulilofaulu vibaya na gredi mpya inachukua nafasi ya zamani. Huko nyumbani hawajaanza?

#23 Mwalimu wa Jioni
Vyuo vyetu vingi hapana. Ukishafaulu kwa C, C hiyo unazikwa nayo. Na ukila sapu (mtihani wa marudio) ukaifaulu kwa alama 80, bado kwenye taratibu za vyuo vingi unaandikiwa C. Ndiyo maana sapu moja inauma kuliko watu wanavyodhani, hata kama haikukudisko (kukuondoa chuo).

#24 Mjukuu wa Bukoba
Nasoma Makerere, niongezee. Hapa nako GPA ni ya 5, ila A inaanzia 80. 75 ni B+ yenye pointi 4.5, 70 ni B yenye 4.0, na daraja la pili la juu linaanzia 3.60. Kuna ngazi nyingi katikati, kwa hiyo alama moja haikuangushi pointi nzima kama ilivyomkuta dada Rehema. Inakuangusha nusu.

#25 Kiroboto Msomi
Bukoba mbona hata hapa A ni 75. Nakumbuka vizuri kabisa, mimi nimesoma.

#26 Fundi Hesabu
Kiroboto wewe ulisoma diploma. Stashahada (hiyo diploma) ya NTA, mfumo wa tuzo za vyuo vya ufundi, ngazi ya 6, A inaanzia 75, B+ inaanzia 65. Shahada kwenye vyuo vingi ni 70 na 60, japo vipo vyenye mizani yake, vya afya hasa. Kilosa usichukue namba ya mtu yeyote humu, mimi nikiwemo, fungua kitabu cha taratibu za mitihani cha chuo chako. Mnapewa wiki ya kwanza na mnakiweka chini ya godoro.

#27 Kiroboto Msomi
Nimekubali tena. Leo siyo siku yangu. Ila hiyo diploma ndiyo iliyonipeleka shahada, nilikuwa na 3.1 na wanataka 3.0.

#28 Mama Pendo
Marahaba mwalimu, nimechelewa kuitikia. Nimekaa na mwanangu tumefungua matokeo yake, tumehesabu kwa krediti kama Fundi alivyosema. Ana 3.47. Mimi nilishamwambia babake mtoto ana apa sekondi. Amebakiza semesta moja, na usiku huu tumeorodhesha masomo yake manne na krediti zake kwenye daftari la duka. Asanteni.

#29 Mtoto wa Kilosa
Nimerudi wakuu, nilikuwa kazini, niko field (mafunzo ya vitendo). Nimesoma yote.

Nimehesabu. Mwaka wa kwanza krediti 120, pointi 369. Mwaka wa pili krediti 120, pointi 411. Jumla 780 kwa 240, ni 3.25. Nimetafuta zile 58 na 59 alizosema Fundi: ninayo 59 moja, 58 mbili na 69 moja, yote masomo ya krediti 12. Nimeangalia mara tatu nikidhani nimekosea kusoma.

Mwalimu, swali lako limenikaa. Nakariri desa. Nasoma nikiwa nimechoka mpaka sikumbuki nilichosoma, halafu najihesabia saa.

#30 Fundi Hesabu
Safi, sasa tunaongea. Unahitaji pointi 1,260 kwa krediti 360. Unazo 780. Zimebaki 480 kwa krediti 120. Ni 4.0 kamili, wastani wa B+. Siyo 4.1 ya Ngosha wala nukta moja ya rumeti.

Ila 4.0 haina pa kupumulia. B moja unaifidia kwa A moja ya krediti sawa. C moja inataka A mbili. Sapu moja ikikupa C, hesabu ni hiyohiyo, A mbili. Na zile alama nne ulizozitaja, kila moja ilikuwa mlangoni au hatua mbili kutoka mlangoni. Zingepita zote ungekuwa na pointi 48 zaidi, 828, na ungehitaji 3.6 tu mwaka wa tatu.

Mwaka wa tatu una nini na nini?

#31 Mtoto wa Kilosa
Masomo 8 ya krediti 12. Ripoti ya utafiti krediti 16. Field krediti 8, inaingia kwenye matokeo ya mwaka wa tatu.

#32 Binti Mwanjelwa
Ripoti ya utafiti ndiyo iliyoniokoa mimi. Krediti 16, ukipata A ni pointi 80, ukipata B ni 48. Tofauti 32. Anza kutafuta mada sasa hivi ukiwa field, ofisini kwenu kuna data umekalia. Wengi wanasubiri semesta ya sita, wanamkimbiza msimamizi korido na ripoti ya kunakili.

#33 Chilo wa Geto
Na tafuta kitanda ndani ya chuo mapema.

#34 Ngosha wa Igoma
Mimi bado nasema kilichomwangusha ni kukesha. Alale saa nne aamke saa kumi.

#35 Sauti ya Kusini
Mimi nasema aandike jibu moja kamili kila siku kwa Kiingereza, kurasa mbili, amtafute wa kumsahihishia. Zile 58 mbili na ile 59 inawezekana ni lugha tu.

#36 Rehema wa Tabata
Kilosa hujasema: ulizifuatilia? Ile 59, alama zako zote za testi ziliingizwa?

#37 Mtoto wa Kilosa
Dada Rehema, ile 59 ni ya semesta iliyotoka juzi. Sikuwa nimeangalia mpaka uliposema. Nimemwandikia kiongozi wa darasa anitumie picha ya karatasi ya alama, amesema anayo kwenye simu.

#38 Rehema wa Tabata
Muda wa rufaa kwenu ni siku ngapi? Usilale bila kujua.

#39 Fundi Hesabu
Na wakati unasubiri picha: field krediti 8, ukipata A ni pointi 40. Watu wengi wanatoka na B kwa sababu ya logibuku (daftari la kazi za kila siku) chafu na ripoti ya kurasa tano. Yako ikoje?

#40 Mtoto wa Kilosa
Nimebakiza wiki mbili. Msimamizi wa ofisini hajasaini logibuku tangu wiki ya tatu, nilikuwa naona aibu kumsumbua. Kesho saa mbili asubuhi naanzia mlangoni kwake.

Picha imeingia. Testi ya kwanza ipo, testi ya pili ipo, asaimenti ya kundi ipo. Prezentesheni kuna kistari.